Mchezo wa Barua ya Malaba

Vijana wangu wa michezo ya simu, mwezi uliopita mliniita kwenye kile chumba chenu cha mtaa wa Burumba hapa Busia, mkanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, mkanipa soda, kisha mkaniuliza mashine yangu ya zamani ilikuwa na nguvu kiasi gani. Nilipowaambia mlicheka mpaka mmoja wenu akatoka nje kwenda kumalizia kicheko huko. Sikukasirika. Simu mnayompa mtoto achezee ili anyamaze ina nguvu kuliko kompyuta zote zilizokuwa Busia miaka ile ya tisini zikiwekwa pamoja. Lakini yule dada yenu wa miwani aliuliza kitu kingine. Alisema, "Madam, na ule mchezo wako uliisha?" Nikajifanya nimekumbuka miadi, nikachukua mkoba wangu nikaenda.

Basi nawaandikia. Kalamu hainikatizi maneno kama ninyi.

Kwanza niwaambie la moyoni, msije mkadhani nawaletea hadithi ya kompyuta tu. Mchezo ule ulikuwa wa upelelezi, na katika upelelezi lazima awepo aliyefanya kosa. Kosa la mchezo wangu sikulibuni. Nililitoa nyumbani kwetu Port Victoria. Mimi Ajiambo, nilipokuwa na miaka ishirini, niliificha barua ya mdogo wangu Nabwire. Ilikuwa barua ya kumwita chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla yake na hakuna chuo kilichoniita, hata cha kushona. Barua zetu zilifikia kwenye sanduku la shule ya msingi, na mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua. Niliifungua njiani, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro mpaka siku ya kuripoti ikapita. Kisha nikaichoma jikoni pamoja na maganda ya mihogo. Nabwire alilia siku tatu akiamini hakuchaguliwa, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Mwaka uliofuata nilikuja Busia kujifunza kupiga taipu, na nyumbani sikurudi. Port Victoria si ng'ambo ya bahari. Ukitoka asubuhi, mchana unakula samaki huko. Nilikaa miaka sita bila kwenda. Kwa hiyo mnaponiona nasimulia mchezo huu, jueni nilitaka mtu mmoja tu aucheze hadi mwisho, na huyo mtu nilimwogopa kabla sijamjua.

Sasa mashine. Chuo nilichojifunza taipu, kisha nikabaki kufundisha, kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari, kwenye barabara iendayo mpakani. Taipureta sita, kompyuta mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa imekufa, tuliiweka kwa heshima na kwa spea. Ile iliyo hai ilikuwa na herufi za kijani kwenye skrini nyeusi. Haikuwa na kipanya. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu ndani yake. Kila kitu kilikaa kwenye diski laini, kubwa kama sahani ya kuwekea kikombe, na ukiikunja kidogo kazi yako imekwenda. Stima ikipotea, na ilipotea ilivyotaka, yote uliyoandika tangu asubuhi yanapotea nayo. Nilijiwekea sheria: kila mistari kumi, hifadhi. Diski mbili, moja hapa chuoni na moja nyumbani kwenye mkebe wa biskuti. Ninyi mna mawingu ya kuhifadhi vitu, hongereni, lakini wekeni na mkebe wa biskuti.

Aliyenifundisha kuandika programu ni Mzee Ekisa, karani wa ofisi ya kutoa mizigo forodhani kule Malaba. Alikuwa Mteso mwembamba, mpole, aliyepiga pasi hata kitambaa cha mfukoni. Ofisi yao ilikuwa na kompyuta kwa ajili ya karatasi za malori, na kando yake kitabu cha maelekezo kisicho na jalada. Yeye alikisoma kitabu kile peke yake mpaka kikamwelea. Jumamosi nilikwenda Malaba kuketi naye ofisini kukiwa hakuna wateja.

Siku moja alinionyesha mchezo uliokuwa kwenye diski fulani, sijui ilimfikiaje. Ulikuwa wa maneno matupu, kwa Kiingereza. Unaambiwa uko chumbani, kuna mlango na meza. Unaandika: fungua mlango. Unaambiwa kilicho nyuma ya mlango. Hata wakati ule ulikuwa mchezo wa kizamani. Walisema Nairobi watoto wa wakubwa walikuwa tayari wanacheza michezo ya rangi yenye magari na risasi. Lakini mimi niliinama pale mpaka shingo ikauma. Kumbe mtu anaweza kuwa peke yake mbele ya kioo na bado akaulizwa, unafanya nini sasa?

Nikamwambia, "Mzee, mimi nataka tengeneza yetu. Ya Kiswahili. Ya hapa Malaba."

"Ya nini?"

"Ya upelelezi."

Akakunja kitambaa chake. "Basi anza na mwisho. Nani alifanya?"

"Mzee, hata sijaandika mstari mmoja."

"Ndiyo maana nauliza. Usipojua mwizi, utazungusha watu bure. Nani alifanya, na kwa nini?"

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi: Rosa, karani wa barua. Aliiba barua ya mtu. Chini yake nikaandika neno moja, wivu. Mzee akasoma, akanitazama kidogo, kisha akanirudishia karatasi bila swali. Alikuwa mtu wa kuacha vitu vya watu vikae mahali pao.

Hilo basi ni fundisho la kwanza na ninalisimamia hadi leo. Anza na aliyefanya na sababu yake. Dalili utazirudisha nyuma moja moja.

Hadithi yenyewe ilikuwa ndogo. Mpelelezi anafika Malaba. Dereva wa lori amekwama foleni siku nyingi, na barua aliyotumiwa kutoka kwao imepotea kwenye duka ambalo hupokea barua za madereva. Watu wa kuhoji ni wanne: dereva mwenyewe, mwenye duka, mama muuza ndizi kutoka upande wa Uganda, na Rosa anayezipanga barua pale dukani. Dalili zilikuwa tatu: stempu iliyoachwa sakafuni, wino kidoleni, na mtu anayejua kilichoandikwa kwenye barua ambayo anasema hakuiona.

Foleni ya malori ndiyo ilikuwa ramani yangu. Lori la kwanza, la pili, la tatu, hadi la ishirini, na mchezaji anatembea kando yake. Niliichora kwenye karatasi ya printa, ile ndefu yenye matundu pembeni, nikaitandika sakafuni chuoni na kuitembelea kwa magoti. Nilijiona mtaalamu. Mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Malaba akacheza kidogo, akaniuliza, "Madam, kwani hii foleni haisongi?" Nikaona aibu. Nikaiandika upya, kila baada ya maagizo kumi malori yanasonga nafasi moja. Siku iliyofuata wachezaji wote wakampoteza dereva, maana lori lake lilisonga na wao walikuwa wameambiwa ni la saba. Mmoja alimtafuta dereva yule kipindi kizima, akaniambia huyo amevuka, mchezo umeisha. Ukweli ukiwa mwingi nao huharibu. Nikaifanya foleni isonge mara moja tu, basi.

Mnajua kwa nini mistari ya programu niliipa namba kwa kumi? Kumi, ishirini, thelathini. Ni ili ukisahau kitu upate nafasi ya kukichomeka katikati. Mwanzoni nilikuwa na tabia ya kubana, tano, sita, saba, kwa kuogopa kupoteza nafasi, na Mzee Ekisa alinicheka. "Wewe unaandika kama mtu ambaye hatakosea," alisema. Nilikuwa nimekosea kuliko alivyodhani.

Niseme na hili. Upweke wangu wa miaka ile haukuwa wa kukosa watu. Busia imejaa watu. Watu wanavuka na magunia, wanapigiana kelele, majirani wa Burumba wanaazimana chumvi dirishani. Lakini mtu mwenye siri hawezi kuazima chumvi vizuri. Akiulizwa, kwenu ni wapi, anataja wilaya. Akiulizwa, una ndugu, anasema tuko wengi. Wanawake wa samaki kutoka Port walikuwa wakishusha vikapu sokoni asubuhi, nami nilizunguka upande wa mitumba nisije nikamkuta anayenijua. Miaka sita nilinunua omena kwa watu wasiojua jina la baba yangu. Jumapili nilipika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haupikiki. Huwa ama ni uji ama ni jiwe. Niliumia, ndiyo. Na nilijua nani ameniumiza, ni mimi.

Wanafunzi walipoondoka saa kumi, chumba kilibaki na mimi na ile sauti ya feni ya mashine. Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu. Mtu pekee aliyepanda ngazi saa ile alikuwa Mama Taabu, mwenye kibanda cha chai uani. Alikuja kukusanya vikombe vyake. Alikuwa mwenyeji wa Bukhayo, mnene, mwepesi wa miguu, na hakwenda shule hata siku moja. Noti alizisoma, herufi hapana.

Jioni moja akasimama nyuma yangu na vikombe vimepangana mkononi. "Mwalimu, kila siku unaandikia nani?"

"Siandikii mtu, mama. Ni mchezo. Kuna mtu amepoteza barua, tunatafuta nani amechukua."

"Hapo ndani?"

"Hapa ndani."

Akaweka vikombe chini, akavuta kiti. "Tutafute."

Tulifanya hivi. Mimi namsomea yaliyo kwenye skrini, yeye ananiambia la kusema, mimi naandika. Tukafika dukani.

"Mwambie hodi," alisema.

Nikaandika HODI. Mashine ikajibu neno ambalo niliipangia kwa kila kitu isichokijua: SIELEWI.

"Amesema nini?"

"Amesema haelewi."

"Haelewi hodi?" Akasimama. "Huyo si mtu. Hiyo nyumba sisi hatuingii." Akachukua vikombe vyake akashuka.

Nilibaki pale nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimeandika maswali arobaini ambayo mpelelezi anaweza kuuliza. Ulikuwa wapi? Uliona nani? Nani ana ufunguo? Hakukuwa na salamu hata moja. Nilikuwa nimemtengeneza mpelelezi anayeingia dukani kwa watu wa Malaba na kuanza kuuliza ufunguo, kama askari wa kigeni. Nani angemjibu? Kumbe nilikuwa nimezoea kutosalimu mpaka nikasahau kwamba watu husalimiana.

Tangu siku hiyo niliweka daftari kando ya mashine, na kila neno ambalo mchezaji aliandika na mashine ikasema sielewi, nililinukuu. Hilo ndilo fundisho la pili. Msibishane na mchezaji. Nukuuni anachosema, kwa sababu ndicho mlichosahau. Daftari lile lilijaa salamu za kila lugha ya mpakani: hodi, habari, mulembe, misawa, yoga, gyebale, salaam aleikum, habari ya nyumbani, watoto wazima, pole na kazi. Nikaandika sheria mpya: hakuna mtu kwenye mchezo atakayejibu swali kabla hajasalimiwa, na mama wa ndizi hafungui mdomo mpaka uulize habari za kwao. Wanafunzi wa haraka haraka walikasirika. Mama Taabu akarudi.

"Umefundisha yeye adabu?"

"Nimemfundisha."

"Basi mwambie mulembe." Mashine ikajibu MULEMBE. KARIBU NDANI. Nikamsomea. Akapiga paja lake na kuketi vizuri.

Ninyi mna nafasi isiyokwisha. Yangu ilikwisha. Salamu zote zile zilikula kumbukumbu ya mashine, na ikafika siku ikagoma. Nilikuwa nimechora lori zuri la kijani kwa herufi na alama, magurudumu yake duara, turubai lake limefungwa kamba. Wiki mbili nilizitumia kulichora. Nikalifuta ili mama wa ndizi aweze kuulizwa habari za watoto. Iliniuma, lakini hakuna mchezaji aliyewahi kuliulizia lori lile.

Nyakati zile za jioni zilianza kuwa na ladha. Mama Taabu hakuwa na haraka na mtu yeyote kwenye mchezo. Alimwuliza dereva kama amekula. Alimwuliza mwenye duka kama mgongo bado unamsumbua, na mimi nikakimbia kuandika mgongo wa mwenye duka maana sikuwa nimeufikiria. Mimi mwenyewe hakuniuliza kwetu ni wapi. Nadhani aliona. Mtu aliyezoea kuuza chai anajua nani anakunywa haraka ili asiongeleshwe.

Tukafika mwisho, kwa mara ya kwanza. Skrini ikaandika: NANI ALICHUKUA BARUA? ANDIKA JINA.

Nikamsomea. Mikono yangu ilikuwa juu ya herufi, tayari kuandika.

"Unajua, mama?"

"Najua."

"Basi taja."

"Wewe unataka mimi nitaje mtoto ya watu hapa barabarani, dereva anasikia, mwenye duka anasikia? Na hata sijakaa na yeye?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Hata kama ni mchezo, mimi ni mtu. Peleka mimi kwake. Tukae. Atasema mwenyewe."

"Mashine haijui kukaa."

"Basi fundisha," alisema, akakusanya vikombe.

Na kusema kweli mwisho ule ulikuwa mbovu hata kikazi. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameumaliza mchezo kwa dakika moja, aliandika majina yote manne mpaka moja likakubali, bila kumhoji mtu. Ukimwomba mchezaji jina tu, atabahatisha. Huyu hakuhesabika kwangu kama mtu aliyeumaliza. Nilijua kwamba Mama Taabu alikuwa na haki, na nilijua ametaka kitu ambacho sikuwa nacho.

Nikaandika agizo jipya, KAA. Ukimkuta Rosa peke yake baada ya kazi, ukamsalimu, usimuulize kitu, ukakaa, ukakaa tena, basi mara ya tatu Rosa anasema mwenyewe. Njia yote ya kufikia pale niliipanga kwa siku mbili. Lakini ule mstari wa Rosa, maneno atakayoyasema, sikuweza kuyaandika. Niliandika, "Nisamehe," nikafuta. Niliandika, "Sikukusudia," nikafuta haraka zaidi, maana nilikusudia. Jumamosi nikamwambia Mzee Ekisa kwamba kila kitu kimekamilika isipokuwa mstari mmoja.

"Upi?"

"Wa Rosa. Sijui atasema nini."

Akafikiri sana. "Mimi nitakufundisha kuandika mashine," alisema. "Hiyo ingine wewe ndiye unajua." Mwezi ule alistaafu, akarudi kwao Amukura kulima, na Jumamosi zangu zikawa tupu.

Wiki zikapita, mstari ule ukabaki na alama za kufungua na kufunga usemi, katikati hakuna kitu. Mama Taabu aliuliza, "Huyo msichana amekubali tukae?" nami nikasema bado, mama, bado kidogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikiyaficha kwa bidii hata ndani ya mashine.

Kisha mwenye chuo akaja na furaha. Kompyuta mpya tatu zinakuja, za diski ndogo ngumu, na ile ya kijani inachukuliwa Ijumaa, imeuzwa pamoja na ile mwenzake iliyokufa. Wote wakashangilia, na mimi nikashangilia nao. Mashine mpya hazikuwa na mdomo wa kupokea diski zangu. Baada ya Ijumaa mchezo wangu hautachezwa tena na mtu, wala Rosa hatasema.

Alhamisi nilikaa pale hadi mlinzi akaja kufunga. Sikuandika kitu. Ijumaa mchana walioinunua mashine wakasema watapanda kuichukua saa kumi na moja. Saa kumi Mama Taabu akaja, bila kungoja vikombe.

"Nimesikia wanabeba yeye leo. Twende kwa huyo msichana."

"Mama, sijamaliza."

"Twende hivyo hivyo."

Tukacheza. Alimsalimu kila mtu njiani, hakumruka hata mmoja. Dereva alikuwa amekula. Mgongo wa mwenye duka ulikuwa nafuu. Tukamkuta Rosa peke yake anapanga bahasha.

"Msalimie. Usimuulize kitu," alisema Mama Taabu. "Kaa."

Nikaandika KAA. ROSA ANAENDELEA NA KAZI.

"Kaa tena."

ROSA AMEACHA KAZI. ANATAZAMA MIKONO YAKE.

"Kaa."

Nikabonyeza. Skrini ikashuka mstari mmoja. Hapakuwa na kitu pale, ile alama ya kijani tu inawaka na kuzima.

"Amesema nini?" aliuliza Mama Taabu.

Ningeweza kumwambia mashine imeharibika. Hasomi, angeniamini. Nikafungua mdomo niseme hivyo, na nikasema, "Anasema barua ilikuwa yangu kuipeleka."

"Ehe."

"Anasema aliisoma njiani. Akaona mwenzake ameitwa na yeye hakuitwa. Akaiweka chini ya godoro. Anasema kila usiku aliisikia pale. Anasema siku ya kuripoti ilipopita angeweza kusema bado, wangembembeleza mkuu wa chuo, pengine wangempokea mwenzake. Hakusema. Akaichoma. Halafu Nabwire akalia, na yeye akamshika kichwa na kumwambia asilie, mwaka ujao watamwita."

Katika mchezo wetu Rosa hakuwa na godoro lolote, wala hakukuwa na Nabwire Malaba.

"Mwalimu," alisema polepole, "hapo imeandikwa hivyo?"

"Hapana, mama. Hapo hakuna kitu."

Nikaanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nifike Busia. Hakunikumbatia wala hakuniambia ninyamaze. Aliketi tu. Nilipotulia nikataka kumweleza zaidi, akainua mkono.

"Mimi usiniambie mengine. Hayo ni ya huyo mwenyewe kusikia kwanza. Kesho nenda."

Wabebaji wakapanda ngazi. Nikatoa diski, mashine ikazimwa, skrini ikabaki na kidoa cha kijani katikati kwa muda, kisha nacho kikaisha. Diski zipo hadi leo kwenye mkebe, dada wa miwani, na mstari ule bado uko wazi. Kwa hiyo jibu lako ni hapana, mchezo haukuisha.

Kesho yake nilikwenda Port Victoria peke yangu. Nabwire alikuwa ameolewa karibu na ufuko, anakausha omena. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono kwenye leso, akanisalimu kama mgeni anayestahili heshima, na hiyo iliniumiza kuliko tusi. Sikutaka chai. Nilimwambia pale pale kati ya nyavu za kuanikia, kwa lugha yetu, bila kuzunguka. Niliichukua. Niliisoma. Niliichoma. Ulikuwa umechaguliwa.

Aliendelea kugeuza samaki muda mrefu. Nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige. Hakusema amenisamehe siku ile, na ingawa tumezeeka tukitembeleana, hadi leo hajalisema neno hilo, wala mimi simuombi aliseme. Aliuliza kitu kimoja tu, bila kuniangalia.

"Ilisema niende wapi?"

Ile barua niliijua yote kwa moyo. Nikamsomea hewani kama ilivyokuwa: jina lake kamili, jina la chuo, siku ya kuripoti na saa, na orodha ya vitu vya kubeba. Ndoo moja. Sahani na kijiko. Sketi mbili za kijivu. Taa ya mkono. Blanketi mbili.

Hapo mikono yake ikasimama juu ya samaki.

"Blanketi mbili nilikuwa nazo," alisema.